Kokateli anajigonga kwenye tundu usiku wa manane, nifanyeje?

Mlezi_Umoja
Habari zenu wafugaji. Nina kokateli wawili (kasuku wadogo wenye kishungi) na baji wanne (kasuku wadogo zaidi), matundu mawili, ghorofa ya tatu hapa Umoja, Nairobi. Usiku kokateli hulala sebuleni, tundu limefunikwa blanketi zito hadi chini. Baji hulala balkoni. Mwezi huu kokateli dume anaruka ovyo gizani, na asubuhi nakuta manyoya na matone ya damu kwenye trei. Huko balkoni kuna grili tu, na nimeona kinyesi cha panya. Hofu hii nitaizuia vipi? Nikiweka waya, balkoni patafaa?

Shangazi_wa_Kasuku
Pole sana ndugu yangu. Hiyo ni hofu ya usiku, na kokateli ndio wanaosumbuliwa nayo kuliko kasuku wengine wa kufugwa. Kinachomponza ni blanketi. Kokateli akishtuka, iwe ni mlango uliogongwa au taa ya gari iliyopita ukutani, kwanza huruka, kisha ndipo atazame. Katika giza totoro haoni kijiti kiko wapi, anagonga waya, kule kugonga kunamtisha zaidi, na mwenzake naye anaanza.

Leo usiku ondoa blanketi. Chukua leso ya pamba, funika juu, nyuma na ubavuni, mbele uache wazi. Weka taa ndogo ya LED, wati 1 au pungufu, ya mwanga wa manjano, kama mita mbili kutoka kwenye tundu. Inatosha aone kijiti chake tu. Iwe ya betri au ya sola, maana stima ikipotea, giza la ghafla lenyewe ni mshtuko. Toa bembea, ngazi na kengele jioni. Kijiti cha kulalia kikae mbali na waya kiasi kwamba mkia haugusi, kwa kokateli sentimita 15 hadi 20.

Akianza tena, usimmulike kwa tochi wala usiingize mkono. Washa taa ya pembeni, zungumza naye polepole, mwache apande kijiti mwenyewe.

Damu hiyo ichunguze. Unyoya mchanga una damu ndani ya shina lake, unaonekana mweusi au wa zambarau karibu na ngozi, na ukivunjika huvuja. Mshike kwa taulo bila kumbana kifua (ndege hupumua kwa kupanua kifua, ukimbana anakufa mkononi), paka konflawa pale panapovuja, kandamiza dakika mbili au tatu. Damu isipokoma ndani ya dakika kumi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Ndege mdogo hana damu ya kupoteza.

FundiMatundu
Baji waingize ndani kuanzia leo, tafadhali. Grili haimzuii paka wala panya, na panya hupanda mabomba ya maji machafu hadi ghorofa ya tano bila shida. Huuma vidole vya ndege aliyeng'ang'ania waya, tena hukojolea mbegu.

Ukitaka balkoni itumike baadaye, achana na waya wa kuku, panya anautafuna na paka anaupanua. Nunua wavu uliochomelewa. Jicho la nusu inchi linamzuia panya mkubwa, lakini kipanya anapenya; la robo inchi ndilo la kuaminika. Liwe mbali na tundu angalau sentimita 10, la sivyo paka anaingiza kucha na kumvuta ndege ubavuni. Wavu mpya wa mabati una chembe za zinki, ambazo baji akizitafuna zinamtia sumu. Usugue kwa brashi na siki, suuza, anika juani.

Milango ile ya kupandisha juu ndiyo njia ya paka: ifunge kwa klipu ya chuma. Na usiweke sumu ya panya humo, kwani panya huibeba na kuidondosha popote. Tumia mtego.

Nyika_Karen
Nyongeza kwa wanaoishi nyumba za chini, hasa mitaa ya Karen na Lang'ata: mvua zikianza, siafu huhama, na ndege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Stendi iwe na miguu, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye mafuta kidogo, na tundu lisiguse ukuta, pazia wala ua. Pazia likigusa, makopo yote ni kazi bure.

Kwa wote: msilaze ndege chumba kimoja na jiko la makaa wala dawa ya mbu ya kuchoma. Gesi ya makaa haina harufu na humlemea ndege kabla ya mtu. Ndiyo sababu migodi ya Uingereza ilitumia kanari hadi 1986. Kikaangio kisichoshika chakula kikisahauliwa motoni kikiwa kitupu, mvuke wake unamuua ndege kwa dakika chache.

Baridi ya Julai ndege mzima anaistahimili, upepo wa dirishani ndio hatari. Mtazame alfajiri: aliye salama hulala kwa mguu mmoja, kichwa kimegeuzwa mgongoni. Aliyejitunisha, miguu yote miwili kijitini, na jua limeshatoka, huyo anaumwa.

Mlezi_Umoja
Asanteni mno. Nikitoa mbegu jioni ili panya wasifuate, baji hawatashinda njaa?

Shangazi_wa_Kasuku
Hawatadhurika, mradi ni wakubwa na wazima. Wakiwa na makinda au mgonjwa, acha chakula. Wape mbegu saa kumi na moja jioni washibe, zitoe saa kumi na mbili na nusu jua likizama, na mwaga maganda ya kwenye trei pia, kwa kuwa ndiyo yanayonukia panya. Maji yabaki. Mbegu zirudi kukipambazuka, siyo saa mbili utakapoamka.