Mlango wa kuchonga Kisutu: naulindaje bila kuuharibu?

Mjukuu wa Kisutu
Wakuu, habari zenu. Nyumba yetu ya urithi iko Kisutu, Dar es Salaam, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari imeshikwa na boriti za mikoko. Mlango wa mbele ni wa kuchonga, miimo imejaa mayungiyungi, na bibi alikuwa akiupaka mafuta kila Ramadhani ikikaribia. Sasa vibaka wameingia kwa jirani, wameng'oa dirisha la nyuma. Mjomba kaleta fundi wa kuchomelea: mlango utolewe, uwekwe wa chuma, madirisha yote yapigwe nondo za kuchimbia ukutani kwa sementi. Dalali naye keshaanza kuuliza bei ya mlango!

Mimi sitaki. Mgeni akielekezwa kwetu anaambiwa "kwenye mlango wa maua". Lakini mama analala chini peke yake, siwezi kumwambia avumilie. Nifanyeje? Nyuma ya mlango kuna matundu mawili ukutani yanatazamana, usawa wa kifua. Nayo sijui ni ya nini.

Baba Zuhura
Dada, uhai wa mama kwanza. Weka chuma, mlango upeleke sebuleni uwe pambo.

Fundi Chokaa
Mjomba asubiri kwanza. Nondo ukiichimbia kwenye matumbawe, chumvi na hewa ya bahari vinaila. Kutu inavimba, jiwe linapasuka, na grili inabaki imeshikilia kifusi. Mwizi anaivuta kwa mikono. Sementi nayo haipitishi unyevu kama chokaa, kwa hiyo unyevu unabaki ukutani na plasta inadondoka vipande vipande. Nimeshaona kuta nzuri zikifa hivyo, inaniuma sana.

Grili zikae upande wa ndani, zifungwe kwenye fremu ya mbao kwa bolti za stenlesi. Fremu iliyooza ibadilishwe kwanza. Na grili ya chumba cha mama lazima ifunguke kwa ndani, ufunguo mahali anapoufikia hata gizani. Moto ukiwaka atatokea wapi?

Matundu hayo ni ya kiwi, ule mti wa kukomea mlango kwa ndani! Chonga mti wa mninga, unausukuma tundu moja hadi ndani, kisha unaurudisha uingie la pili. Mlango mzito wenye kiwi haufunguki kwa teke. Kamera weka, ila waya upite juu ya boriti, ukuta usichimbwe.

Mama Shani
Dalali mfukuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitambua milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vya kulindwa. Kabla hamjagusa chochote ulizeni Idara ya Mambo ya Kale. Na wewe Baba Zuhura, ukiung'oa mlango ule, miimo inatoka na ukuta. Mpelekeni mjomba Boma la Kale pale Sokoine Drive, matumbawe ya miaka ya 1860, mpaka leo limesimama.

Mjukuu wa Kisutu
Mungu awalipe. Nimeingiza ufito: tundu la kulia umezama karibu wote, la kushoto shubiri moja tu. Mjomba alikuwepo, kanyamaza, kisha akauliza mninga unauzwaje Buguruni. Fundi, tukate unene gani?

Fundi Chokaa
Pima tundu la kushoto, punguza kidogo pande zote. Mti uwe mkavu kabisa. Mbichi utapinda, na masika ikifika utakwama humo humo tunduni mama ashindwe kutoka.