Wakuu, kamera gani ya kompyuta inakubali Linux? Nina haraka

Mwalimu_Kireka: Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiswahili mtandaoni, wanafunzi wangu wako Ulaya. Kamera ya laptopu yangu imekufa, inatoa kiza kitupu. Natumia Ubuntu, aina ya Linux, kwa sababu Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 mashine hii haiitaki. Natafuta kamera ya kuchomeka kwenye USB isiyo na maneno mengi. Darasa ni Jumatatu asubuhi na hata usingizi sipati. Msaada tafadhali.

Fundi_Wandegeya: Usinunue jina, nunua UVC. Ndio utaratibu wa pamoja wa kamera za USB, na draiva yake, uvcvideo, imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 2.6.26, mwaka 2008. Hutafuti sidii, hupakui kitu. Logitech C270 inatosha kabisa kwa darasa. Ukiwa na hela zaidi chukua C920. Boksi likisema uweke draiva kwanza, achana nalo.

Kijana_wa_Malaba: Linux ni ya watu waliokosa kazi. Rudi Windows, ndugu yangu, ulale.

Nalongo_Jinja: Umenikumbusha kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, ya mpwa wangu kule Masaka. Shangazi wa bibi harusi yuko Boston, tukasema tumwonyeshe kwa video. Kamera ilikuwa nzuri kuliko hata ya mpiga picha, lakini Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikaisha yuniti wakati ssenga, shangazi msimamizi, anaingia na bwana harusi. Shangazi aliona maharusi, akaona giza, halafu akaona watu wanakula. Mpaka leo hatusalimiani vizuri. Nunueni kwanza kitu cha kuhifadhi umeme.

Mzee_Bombo: Mwalimu, sisi tulifundisha kwa chaki na watoto walifaulu. Mwaka 2022 serikali ilipoamua Kiswahili kiwe lazima shuleni, nilidhani walimu mtabaki hapa kwetu. Kumbe mnafundisha Wazungu.

Mwalimu_Kireka: Mzee wangu shikamoo. Hapa kwetu nafundisha pia, ila mshahara unaujua. Fundi, asante. Je, kamera ya 4K haitakuwa bora zaidi ya hiyo C270? Mtu ananishauri hivyo.

Fundi_Wandegeya: Mtu gani? Na laptopu ina RAM kiasi gani? Darasa unaingia kwa programu ipi? Nijibu yote matatu.

Mwalimu_Kireka: RAM ni GB 4. Mtu ni muuzaji, ni mtu wa kwetu, hawezi kunidanganya.

Fundi_Wandegeya: Umeruka la tatu.

Mwalimu_Kireka: Sawa. Programu ya wakala wangu ni ya Windows tu. Kwa hiyo nimeweka Windows ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, ndani ya Ubuntu. Inafanya kazi, polepole. Na kamera ya 4K nimeshaiachia arbuni 60,000, muuzaji ameniwekea mpaka Jumamosi. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtaanza kunisema. Wanafunzi wanalipa, wanastahili picha safi.

Kijana_wa_Malaba: 😂😂 Windows imetoka mlangoni ikarudi dirishani.

Fundi_Wandegeya: Basi tulikuwa tunajibu swali jingine kabisa. Ubuntu ikiiona kamera, Windows iliyo ndani haitaiona mpaka uipitishe: weka Extension Pack, nyongeza ya VirtualBox, kisha menyu ya Devices, halafu Webcams, uichague. Kila picha hapo inapita mikono miwili, na RAM 4 unaigawa kwa mifumo miwili. Halafu fanya hesabu: picha mbichi ya 1280 kwa 720, mara 30 kwa sekunde, ni megabaiti kama 55 kila sekunde. USB 2.0 kwenye karatasi ni 60. Ndiyo maana kamera zinabana picha kwa mbinu ya MJPEG, na kazi ya kuifungua ni ya prosesa yako. Hiyo 4K utaishusha mpaka 720 tu, kwa bei ya 4K.

Jicho_la_Ntinda: Subirini kwanza. Mleta uzi huyu juzi kwenye uzi wa kodi za vibanda alisema ana duka la vifaa Wilson Road. Leo mwalimu wa Wazungu? Mara "mtu wa kwetu", mara 4K. Kesho tutawekewa namba ya simu ya duka. Chai hii, tena haina hata tangawizi.

Nalongo_Jinja: Banange! Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Mwalimu_Kireka: Duka ni la kaka yangu, niliandika kwa niaba yake kwa sababu hana akaunti. Yeye anauza chaja. Ningekuwa natangaza kamera ningesema haifai?

Jicho_la_Ntinda: Hujasema haifai. Fundi ndiye amesema. Kama si chai, nenda na laptopu dukani, chomeka, andika `lsusb -t`, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, ubandike jibu hapa.

Mzee_Bombo: Arbuni ni ahadi, vijana. Ukishaitoa, umetoa.

Mwalimu_Kireka: Nimetoka dukani sasa hivi.

`Port 2: Dev 5, If 0, Class=Video, Driver=uvcvideo, 480M`

Ubuntu imeikubali bila kuuliza. Nikaipitisha Windows: mdomo bado unafunguka na sauti ilishafika kitambo. Muuzaji anasema tatizo ni laptopu, na arbuni hairudi, ila naweza kuchukua kitu kingine dukani. C270 hana. Bado naona hii 4K itanifaa siku nikibadilisha mashine.

Jicho_la_Ntinda: Sawa, duka lipo. 480M ndiyo USB 2.0, kama Fundi alivyokuambia.

Fundi_Wandegeya: Kwa 60,000 chukua RAM ya kuongeza, kama anayo ya aina yako. Na muulize wakala kama darasa linafunguka kwenye kivinjari; likifunguka, VirtualBox uifute kabisa.

Mwalimu_Kireka: Linafunguka, lakini ubao wa kuandikia haupo.

Fundi_Wandegeya: Kwa ubao, shirikisha skrini! Mbona mwalimu unabishana na jibu?

Nalongo_Jinja: Mwalimu, nina C270 ya mwanangu aliyekwenda Doha, imekaa kabatini. Njoo Jinja uichukue. Arbuni sitaki, njoo na hela yote.