Naomba ushauri: mti wa kitako cha bunduki ya marisau umelowa mafuta

Mkulima wa Mbulu
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninamiliki bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, Greener GP iliyotengenezwa Birmingham, ambayo marehemu baba alilindia shamba, na leseni sasa ipo kwa jina langu. Mti wa kitako, ambao ni walnati, umekuwa mweusi tii karibu na chuma kwa mafuta ya bunduki ulioyanywa miaka mingi, na vanishi inabanduka kama magamba pale shavu linapoegemea. Seremala wa kijijini anataka nimpelekee bunduki apige randa, kisha apake vanishi ya milango. Moyo wangu unasita.

Fundi Mninga
Mkuu, usikubali randa. Mti ukipungua hata kidogo pale unapokutana na chuma, chuma kitachomoza, na hilo halirekebishiki. Hakikisha kwanza kwamba hakuna risasi ndani, kisha fungua bamba la nyuma ya kitako. Ndani ya tundu utakuta bolti ndefu inayoshikilia mti wote, nayo hufunguliwa kwa bisibisi refu linaloenea vizuri. Vanishi iondoe kwa dawa ya kuondolea rangi na kipande cha plastiki, si kwa msasa. Kwa ule weusi, changanya unga wa chaki na spiriti hadi upate rojo zito, paka, acha likauke. Unga utageuka kahawia kwa kufyonza mafuta. Usugue utoke, urudie hadi ubaki mweupe. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko.

Bint Seremala
Naongezea: palipobonyea pasipokatika nyuzi, weka kitambaa chenye maji na upitishe pasi ya moto, mvuke utainua mti wenyewe. Baada ya hapo msasa namba 240, kisha 320, ukifuata nyuzi, na usiguse kabisa kingo za karibu na chuma wala mistari iliyochongwa ya kushikia. Hiyo isafishe kwa mswaki tu.

Mkulima wa Mbulu
Nashukuruni sana. Na cha kupaka ni kipi?

Fundi Mninga
Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kwa sababu yale mabichi huchelewa mno kukauka. Paka kidogo kwa kiganja, futa yanayobaki baada ya robo saa, subiri siku nzima au zaidi kabla ya kurudia. Ukipaka mazito, yatanata na kushika vumbi. Matambaa yenye mafuta hayo yakirundikwa hupata joto yenyewe hadi kuwaka moto, kwa hiyo yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji.

Mzee wa Leseni
Kijana wangu, hata ukihitaji mkono wa seremala, mpelekee mti peke yake uliokwisha kufunguliwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi, na silaha haikabidhiwi kwa mtu asiye na leseni. Chuma kifungie kabatini kazi ikiendelea, na namba ya silaha usiiguse kwa msasa wala kwa dawa.