Njia za kukimbia mazoezi kwenye mji wenye vilima

Wakuu nimehamia mji wa milima, kila nikitoka getini ni kupanda tu, dakika ya tano pumzi imekata. Nyie njia mnachaguaje?

— Fuata mto au reli mkuu, treni haipandi miinuko mikali kwahiyo kule angalau panalala. Kwenye mlima sahau spidi, sikiliza pumzi, hata kutembea ruksa.

— Mi naanza na kupanda narudi nikishuka, ila usijiachie, mteremko ndo unaua mapaja, kesho yake ngazi utashuka kinyumenyume 😂

— Cheki ramani yenye mistari ya mwinuko, ikibanana ujue hapo pakali. Ukishafika juu kimbia mgongoni mwa kilima.

— Asanteni, kesho naanza na mtoni, mlima utanisubiri.