Tupeane uzoefu: boriti, bawaba na kebo zilivyotutoa jasho

Mkaazi wa Umoja
Mdogo wangu anayesomea uhandisi ameniletea swali lililonikumbusha machungu ya zamani. Boriti ya mita 4, yenye uzito wa N (newtoni, kipimo cha kani) 200 uliosambaa sawasawa, imelala mlalo na kushikwa ukutani kwa bawaba. Mzigo wa N 300 unaning'inia nchani, na kutoka ncha hiyo kebo inapanda hadi ukutani kwa pembe ya nyuzi 30 na boriti. Mkazo wa kebo, yaani kani inayoivuta, ni kiasi gani? Wenzangu, mlivukaje hapo?

Binti Kayole
Mimi nilisumbuliwa na kani za bawaba, hadi mwalimu mmoja alipotuonyesha kwamba ukipima momenti (uwezo wa kani kuzungusha, yaani kani mara umbali) kutoka kwenye bawaba, kani hizo zinaondoka zenyewe kwa kuwa umbali wake ni sifuri. T ikiwa mkazo, na 0.5 ikiwa sine ya nyuzi 30, inabaki T × 4 × 0.5 = 200 × 2 + 300 × 4, na mkazo ni N 800.

Mwashi Mstaafu
Kwa nini mnakaririshwa bawaba kila mara? Pimeni kutoka nchani: kebo na mzigo vinatoweka, bawaba inainua N 100, N 400 zilizobaki zinainuliwa na kebo, na jibu ni lile lile 800.

Binti Kayole
Jibu ni sahihi, mzee wangu, ila umezunguka.

Fundi wa Gikomba
Mnabishana karatasini, ilhali mimi niliyaona kwa macho. Mwenye duka mmoja karibu na River Road alitaka bango zito litokeze juu ya njia, lakini akakataa kebo ipite mbele ya dirisha la ghorofa ya kwanza, kwa hiyo ikabidi ilale chini ya dirisha kwa pembe ndogo. Mkubwa wetu alimweleza kwamba kebo iliyolala hivyo haitadumu, naye akajibu kwamba anayelipa ndiye anayeamua. Tulipoachilia bango, bolti ya juu ilichomoka ukutani pamoja na plasta, boriti ikazunguka kwenye bawaba, na bango likapondaponda mkokoteni wa ndizi ambao mwenyewe alikuwa ameuacha kidogo akatafute chenji.

Mama Pipeline
Mungu wangu! Na mama wa ndizi alilipwa?

Mkaazi wa Umoja
Tusitoke kwenye mada, tafadhali. Katika swali letu, pembe ikishuka hadi nyuzi 10, mkazo unapanda hadi takriban N 2,300, ingawa mzigo haujaongezeka hata kidogo.

Mwashi Mstaafu
Basi ombeni mtihani uje na nyuzi 90. Kebo itabeba N 400 tu, na bawaba haitasukumwa kando.

Mwanafunzi wa Juja
Chora kani zote kwanza, na uhakikishe kikokotoo kiko kwenye digrii.

Binti Kayole
Kuchora ni kupoteza muda ikiwa kani ni tatu tu.

Mwanafunzi wa Juja
Dada, bawaba umeihesabu?

Mama Pipeline
Bado nangoja habari za ndizi.

Fundi wa Gikomba
Alilipwa zote, mama. Kebo tuliipandisha juu ya dirisha, na mwenye duka akalalamika kwamba tumeharibu sura ya jengo.