Programu za uzamivu za "taaluma mtambuka" zinatuhadaa mchana kweupe

Wanajamvi, nimevumilia vya kutosha. Programu ya uzamivu niliyojiunga nayo katika sayansi za jamii ilitangazwa kuwa ni ya taaluma mtambuka, yaani mtu angeichunguza mada moja, ambayo kwangu ni madeni ya kaya, kwa jicho la uchumi, la sosholojia na la anthropolojia kwa pamoja. Nilichokikuta ni idara tatu zisizosalimiana, na kila moja inanidai nimalize kozi zake za msingi kana kwamba hizo nyingine mbili hazipo.

Msimamizi wangu wa uchumi anataka sampuli kubwa, vigezo vinavyopimika na nadharia tete, yaani jibu la kukisia linalosubiri kupimwa, iliyoandikwa kabla sijagusa data. Yule wa anthropolojia anaamini kwamba swali la utafiti huiva mtafiti akiwa uwandani, akiishi na watu, na kwamba kulikamilisha mapema ni kujifunga kitambaa machoni. Wote wawili wana hoja, na ubishi wao ungeweza kuwa somo bora kuliko yote ninayolipia ada, lau wangekubali kuketi meza moja. Hawaketi! Kila mmoja hunirudishia rasimu ileile ikiwa na maelekezo yanayofuta ya mwenzake, kisha mimi ndiye ninayeagizwa "kuoanisha". Kazi ambayo maprofesa wanaikwepa anatwishwa mwanafunzi, na akilemewa, huambiwa kwamba tasnifu yake haina kina.

Utetezi tunaopewa ni kwamba jambo hili bado ni changa, hivyo tuwe na subira. Uchanga gani huo? Chuo Kikuu cha Harvard kiliunganisha sosholojia, anthropolojia ya jamii na matawi ya saikolojia katika idara moja mwaka 1946, mwanasosholojia Talcott Parsons akiiongoza, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanasosholojia walikuwa wamekwisha kujitenga na idara yenyewe ikavunjika. Katika Chuo Kikuu cha Chicago nako, Kamati ya Fikra za Jamii iliyoanzishwa mwaka 1941 ipo hadi leo, ina walimu wake na hutoa shahada yake yenyewe. Mifano ya kujifunza ipo tele. Kinachokosekana ni nia. (Nia ya kutangaza programu, nakiri, haijawahi kupungua.)

Na sijagusa ajira, ambako matangazo mengi ya nafasi za kufundisha bado yanataka shahada ya taaluma moja iliyotajwa kwa jina.

Ninachodai si upendeleo. Kabla ya mwanafunzi kusajiliwa, wasimamizi watie saini makubaliano ya maandishi yanayoeleza ni mbinu zipi za utafiti zitakubaliwa, nani ana kauli ya mwisho wakitofautiana, na watahini watatumia vigezo vya taaluma ipi. Kama kuna mwanajamvi ambaye idara yake inafanya hivyo, tafadhali aeleze hapa utaratibu wao, kwa sababu bodi yetu ya uzamili inashikilia kwamba haiwezekani.