Wakuu, nataka wafanyakazi wangu wafanyie kazi nyumbani. Nianzie wapi?

Mzee wa Vitabu: Wakuu habari za jioni. Nina ofisi ndogo ya mahesabu Kariakoo, ghorofa ya nne, tupo watano pamoja na mimi. Tunawatunzia wafanyabiashara vitabu na kuwapelekea ritani zao TRA. Tangu Oktoba 29, 2025 sijakaa sawa. Mnakumbuka wenyewe: siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa, jioni marufuku kutoka nje. Mimi nakaa Goba, kompyuta yenye kazi zote ipo Kariakoo, na PAYE (kodi ya mishahara) ya Oktoba inatakiwa kabla ya tarehe 7 kupita. Nilizeeka siku zile. Na kabla ya hapo Jangwani ikijaa maji, mtu wa Magomeni haonekani kazini. Sasa nimeamua kila mtu afanyie kazi kwake. Naomba kujua programu gani nzuri ya kuingilia kompyuta ya ofisini ukiwa nyumbani. Ya bure ikiwezekana. Matusi sitaki.

Kokoto: Ngoja nikae hapa mbele na karanga zangu.

Nahodha Mstaafu: Kijana, kazi ya nyumbani ni uvivu uliopewa jina zuri. Sisi tulifanya kazi bandarini na mvua, na jua, na njaa. Mtu akiwa nyumbani atapika, atafua, atalala. Utalipa mishahara ya watu wanaoangalia tamthilia.

Mama Kauthar: Baba Nahodha, shikamoo. Mimi nafanyia kazi nyumbani mwaka wa tatu sasa, na hicho kibarua kimeniokolea saa tatu za daladala kwa siku. Shida ni watoto tu. Juzi mteja ananiuliza salio, nyuma mwanangu anapiga kelele "mama nimemaliza!" toka chooni.

Fundi Nyaya: Mleta mada, programu ni jambo dogo, zipo nyingi. Hiyo kompyuta ya ofisini inawashwa na nani umeme ukikatika na kurudi? Wengi wanasahau hapo. Umeme ukienda, UPS (betri ya akiba) inakupa dakika chache, mashine inazima, halafu inabaki imezima mpaka mtu apande ghorofa nne kubonyeza kitufe. Kwenye mipangilio ya ubao mama (BIOS, ile inayofunguka kabla ya Windows) kuna sehemu ya kuiambia iwake yenyewe umeme ukirudi. Na bakapu, yaani nakala ya akiba ya kazi zako, iko wapi?

Mzee wa Vitabu: Asante Fundi. Bakapu ipo. Naomba turudi kwenye programu.

Mtoto wa Tandale: Oktoba 30 watumishi waliambiwa wafanyie kazi nyumbani, na intaneti hakuna. Ufanyie kazi nyumbani kwa kutumia nini, njiwa?

Fundi Nyaya: Huyu ametania lakini amegusa penyewe. Intaneti ya nchi nzima ikizimwa, kuingilia kompyuta ya Kariakoo ukiwa Goba hakuna, na vitabu vilivyo kwenye wingu huvioni. Mei 12, 2024 haikuzimwa na mtu, ilikatika mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, na ilikuwa tabu vilevile. Kwa hiyo kila mfanyakazi awe na nakala ya wateja wake kwenye laptopu yake, diski ikiwa na kufuli. Aandike kazi bila mtandao, mtandao ukirudi apandishe. Laini za simu ziwe mbili za kampuni tofauti. Narudia: bakapu iko wapi, na mara ya mwisho umeifungua lini?

Jirani wa Goma: Ndugu, mie ni wa Goma. Tangu waasi wa M23 waingie mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, banki zilifungwa. Pesa unapata kwa simu ao unavuka Gisenyi, Rwanda. Boss wetu alibeba ordinateri kwa pikipiki, ameifunga na kitenge kama mtoto. Kazi inaendelea. Courage.

Kokoto: Mzee wa Vitabu ameulizwa bakapu mara mbili. Anapita pembeni kama bodaboda kwenye foleni.

Mzee wa Vitabu: Bakapu ipo kwenye diski ya nje, na diski ya nje ipo ofisini, imechomekwa hapohapo kwenye kompyuta. Jamani mimi nimeshaanza, sirudi nyuma. Nimenunua laptopu nne za mtumba kwa laki tano na nusu kila moja, na mwenye jengo nimeshampa notisi natoka mwisho wa mwezi. Ninachotaka ni jina la programu.

Mama Kauthar: Umeshampa notisi? Halafu kompyuta utaiacha kwenye ngazi?

Fundi Nyaya: Swali moja tu, jibu ndiyo au hapana. Hiyo kompyuta sasa hivi inawaka na kufunguka?

Mzee wa Vitabu: Inawaka.

Fundi Nyaya: Na kufunguka?

Mzee wa Vitabu: Ijumaa nilibadilisha mipangilio, hiyohiyo uliyosema ya kuwaka yenyewe, nilionyeshwa na mtu. Tangu hapo skrini ni ya bluu, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kuna kijana aliyetuwekea mambo ya kompyuta baada ya ile Oktoba, akaifunga diski, akasema ni kwa usalama. Ufunguo upo kwenye akaunti ya baruapepe aliyoifungua yeye. Aliondoka Januari.

Mtoto wa Tandale: Aliondoka au aliondolewa?

Mzee wa Vitabu: Kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu malipo.

Mama Kauthar: Kidogo kiasi gani, baba?

Mzee wa Vitabu: Miezi mitatu. Laki tatu na nusu kwa mwezi. Lakini wateja nao hawalipi kwa wakati, na yeye alikuwa anachelewa kufika. Siwezi kumbembeleza mtoto wa juzi. VAT ni tarehe 20, na wateja wangu wote wamo mule ndani.

Kokoto: Milioni mbili na laki mbili za laptopu zilipatikana. Milioni moja na hamsini ya kijana, wateja hawalipi. Nimemaliza karanga, naagiza nyingine.

Nahodha Mstaafu: Mpeleke polisi. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Mama Kauthar: Polisi kwa kosa gani? Kijana hajaingia popote, amekaa kwao na njaa yake. Yeye ndiye akienda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kudai mshahara wake, mzee atafunga ofisi bila mafuriko. Na hizo taarifa za wateja zilizo kwenye mashine moja bila nakala, tangu 2023 tuna sheria ya taarifa binafsi inayofanya kazi. Unahangaika na programu ya bure!

Simba wa Mbagala: Hii ni chai. Nimepitia nyuzi zake. Mwaka juzi ID hiihii iliomba ushauri wa stoo ya mbao Mafinga, mke amekimbia na lori. Leo ni mtaalamu wa mahesabu. Subirini, sasa hivi atatokea mtu na namba ya simu anauza mfumo.

Suluhisho Digital: Habari ndugu, tuna mfumo bora wa mahesabu kwenye wingu, njoo PM tukuhudumie.

Simba wa Mbagala: Si nilisema.

Mzee wa Vitabu: Huyo Suluhisho simjui! Na ile ya mbao ilikuwa ya shemeji yangu, tulikuwa tunatumia ID moja. Lori lilirudi.

Kokoto: Mke je?

Mtoto wa Tandale: Mimi nina wazo baya zaidi. Itakuwaje kama huyu ndiye kijana mwenyewe? Au kibaka aliyebeba kompyuta ya watu Kariakoo, amefika nayo geto, imemdai tarakimu 48, akatunga hadithi ili Fundi amfundishe kuifungua? Angalieni alivyoanza, alijifanya anauliza programu.

Nahodha Mstaafu: Naunga mkono. Fundi, usiseme neno.

Fundi Nyaya: Sina cha kusema. Diski iliyofungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows linalodai tarakimu 48, haina mlango wa nyuma. Hata ukiipeleka kwa fundi gani, bila zile tarakimu ni chuma tu. Kama ni kibaka, pole. Kama ni mwenye mali, kwanza usifute chochote, usikubali mtu akuwekee Windows mpya. Irudishe ile mipangilio ilivyokuwa, uzime, uwashe, mara nyingine huacha kudai. Isipoacha, ichomoe ile diski ya nje uijaribu kwenye laptopu moja. Kama nayo hakuifunga, VAT yako itatoka humo.

Mzee wa Vitabu: Nipo ofisini. Nimerudisha mipangilio, bado inadai. Diski ya nje nimeijaribu kwenye laptopu. Nayo inadai.

Fundi Nyaya: Huyo kijana anajua kazi yake.

Kokoto: Mlipe nusu, akupe tarakimu 24.

Mama Kauthar: Mzee, hujampigia tu?

Mzee wa Vitabu: Simu hapokei. Nimemtumia ujumbe WhatsApp. Tiki za bluu tangu saa tisa, hajajibu.

Mama Kauthar: Umemtumia pesa au umemtumia salamu?

Mzee wa Vitabu: Salamu.